Röntgen: Aliyefunua siri ya kifua na kukataa kuimiliki

ANAYEINGIA Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Fort Jesus na kushika njia ya Ndia Kuu hupokelewa kwanza na kivuli. Nyumba zimesimama karibu karibu, kuta zake nene zikiwa za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikishikiliwa na boriti za mikoko. Waliozijenga walijua walichokuwa wakikifanya. Katika kisiwa chenye joto karibu mwaka mzima, nyumba zinazopeana kivuli ni rehema.

Yapo hata hivyo maradhi yanayonufaika na chumba chenye watu wengi na hewa isiyotembea, kiwe chumba cha nyumba ya kale ya mawe au cha nyumba ya kupanga ya mabati huko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Maradhi hayo ni kifua kikuu. Viini vyake husafiri hewani, kutoka pumzi ya mtu mmoja hadi ya mwingine. Mgonjwa anaweza kukaa barazani kwa miezi kadhaa akinywa kahawa na jamaa zake, bila yeye wala wao kujua kinachoendelea ndani ya mapafu yake. Ngozi, nyama na mbavu huifunika siri hiyo.

Mtu aliyeupa ulimwengu njia ya kuifunua siri hiyo bila kutumia kisu hakuwa tabibu, wala hakuwahi kuendesha zahanati. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mwenye ndevu nyingi na haya nyingi zaidi, ambaye ujanani alipoteza cheti cha shule kwa kukataa kumtaja mwenzake, na uzeeni akafa bila utajiri kwa kukataa kuuza alichokigundua. Jina lake ni Wilhelm Conrad Röntgen. Zaidi ya karne moja tangu kifo chake, swali aliloliacha lingali linaisumbua Kenya: ikiwa mwenye ugunduzi aliutoa bure, kwa nini umechukua muda mrefu hivyo kumfikia mgonjwa maskini?

Mwana wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 katika Lennep, mji mdogo wa wafumaji magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mtengenezaji na mfanyabiashara wa vitambaa, naye alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wazazi wake walihamia Apeldoorn nchini Uholanzi, kwa jamaa za mama yake.

Shuleni hakuwa miongoni mwa wanafunzi wa kutajika. Alipenda zaidi kuzurura mashambani na msituni, na kuunda vitu kwa mikono yake. Mnamo 1862 aliingia shule ya ufundi mjini Utrecht, na huko ndiko alikokutana na mtihani wa kwanza mkubwa wa maisha yake. Mwanafunzi mwenzake alichora kibonzo cha kumdhihaki mwalimu. Röntgen, aliyekuwa akimjua mchoraji, alitakiwa kumtaja. Alikataa, na kwa kukataa huko akafukuzwa shule.

Adhabu hiyo ilimfuata kwa miaka mingi. Bila cheti cha kumaliza masomo, milango ya vyuo vikuu ilibaki imefungwa kwake. Aliokolewa na chuo cha ufundi cha Zürich nchini Uswisi, ambacho hakikudai cheti hicho. Alijiunga nacho mwaka 1865 kusomea uhandisi wa mitambo, na mwaka 1869 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Zürich. Mwanafizikia August Kundt alikitambua kipaji chake, akamfanya msaidizi wake na kumvuta kutoka uhandisi hadi fizikia.

Zürich ilimpa pia mke. Anna Bertha Ludwig alikuwa binti wa mwenye mkahawa mmoja wa mjini humo, naye alimzidi Röntgen kwa umri wa miaka sita hivi. Walioana Januari 1872. Hawakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini mwaka 1887 walimchukua binti wa kaka yake Bertha, mtoto wa miaka sita, wakamlea kama wao.

Mnamo 1870 Röntgen alimfuata mwalimu wake Kundt hadi Chuo Kikuu cha Würzburg. Huko aliomba ruhusa ya kufundisha akanyimwa, kwa sababu ya cheti kile kile alichokosa Utrecht. Alihamia Strasbourg, akapata ruhusa hiyo mwaka 1874, kisha akapitia Hohenheim, akarudi Strasbourg, na mwaka 1879 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Giessen. Hatimaye, mwaka 1888, Würzburg yenyewe ilimwita aje kushika kiti cha profesa wa fizikia. Chuo kilichomwona hafai kufundisha kilimchagua kuwa mkuu wake mwaka 1894.

Ijumaa ya Novemba 8

Mwaka 1895 Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa katika misukosuko. Katikati ya mwaka huo Uingereza ilitangaza himaya yake, na Mombasa ikawa makao ya utawala mpya. Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui, alikuwa akipigana na Waingereza, vita vilivyoendelea hadi mwaka uliofuata. Fort Jesus iligeuzwa gereza, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Mwaka 1896 kazi ya kujenga reli ya kwenda Uganda ilianza kutoka kisiwa hicho hicho.

Wakati huo, katika maabara ya Würzburg, Röntgen alikuwa akichunguza jambo lililowashughulisha wanafizikia wengi wa Ulaya. Ukichukua bomba la kioo, ukaondoa karibu hewa yote iliyomo, kisha ukapitisha umeme wa nguvu kubwa, bomba hung'aa na kutoa miali ya ajabu. Miali hiyo ilijulikana kuwa haiwezi kusafiri mbali katika hewa ya kawaida.

Jioni ya Ijumaa, Novemba 8, 1895, Röntgen alilifunika bomba lake kwa karatasi ngumu nyeusi ili mwanga usipenye, akatia giza chumbani na kuwasha umeme. Hatua kadhaa kutoka pale, ubao mdogo uliopakwa kemikali ya bariamu ulianza kung'aa. Bomba lilikuwa limefunikwa, na umbali ulikuwa mkubwa mno kwa miali iliyojulikana. Alizima umeme, mng'ao ukatoweka, alipouwasha, ulirudi.

Kwa wiki saba zilizofuata alijifungia maabarani, mara nyingine akila na kulala humo humo. Aliweka kitabu kinene kati ya bomba na ubao, na mionzi ikapita. Aliweka mbao, ikapita pia. Risasi, ile metali nzito, ndiyo iliyoizuia. Alipoweka mkono wake mwenyewe, aliona kivuli chepesi cha nyama na ndani yake kivuli kizito cha mifupa. Kwa kuwa hakujua mionzi hiyo ni nini hasa, aliipa herufi ambayo wanahisabati huipa namba isiyojulikana: X. Ndiko lilikotoka neno ambalo kila hospitali ya Afrika Mashariki hulitumia leo, eksirei.

Mnamo Desemba 22 alimwita mkewe maabarani, akamwomba aweke mkono juu ya bamba la picha na kutulia kwa muda wa robo saa. Picha iliyotokea ilionyesha mifupa ya vidole na pete ya ndoa ikielea juu ya mmoja wao. Inasimuliwa kwamba Bertha alishtuka, akahisi kama aliyeoneshwa kifo chake mapema.

Desemba 28 Röntgen aliwasilisha ripoti yake kwa chama cha wanasayansi cha Würzburg. Siku ya kwanza ya mwaka mpya alituma nakala kwa wenzake pamoja na picha kadhaa. Siku chache baadaye gazeti moja la Vienna lilichapisha habari hiyo, na kabla ya Januari kwisha ilikuwa imevuka bahari. Januari 13, 1896 alimwonyesha Mfalme Wilhelm wa Pili mionzi hiyo mjini Berlin. Januari 23, katika mhadhara wa hadhara mjini Würzburg, alipiga picha ya mkono wa Albert von Kölliker, mtaalamu mashuhuri wa maumbile ya mwili. Mzee huyo alipendekeza papo hapo mionzi ipewe jina la mgunduzi wake. Wajerumani wangali wanaiita hivyo, ingawa mwenyewe aliendelea kuiita X.

Kutoka mfupa hadi pafu

Matabibu wa kwanza walioishika zana hiyo waliitumia kutafuta mifupa iliyovunjika, sindano na risasi za bunduki zilizobaki mwilini. Kifua kilikuwa kazi ngumu zaidi. Moyo hupiga, mbavu hupanda na kushuka, na mitambo ya mwanzo ilihitaji muda mrefu ili kutoa picha.

Lakini haja ilikuwa kubwa. Kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa wauaji wakuu wa Ulaya na Marekani. Mfaransa René Laennec alikuwa amebuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, na yeye mwenyewe akafa kwa maradhi hayo hayo mwaka 1826. Machi 24, 1882, Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kiini cha kifua kikuu kwa darubini. Huyu ndiye Koch ambaye baadaye alifanya utafiti wa maradhi mengine katika Afrika Mashariki, ikiwemo safari ya 1906 na 1907 iliyomfikisha visiwa vya Ssese nchini Uganda. Darubini ilimwonyesha adui ndani ya makohozi, na sikio lilisikia madhara yake. Madhara yenyewe, hata hivyo, yangeonekana kwa macho baada tu ya mgonjwa kufa na kupasuliwa.

Mionzi ya Röntgen ilibadili jambo hilo. Pafu lenye afya limejaa hewa, kwa hiyo mionzi hupita kwa urahisi na picha huwa nyeusi. Mahali ambapo kifua kikuu kimeshambulia, tishu huwa nzito na mionzi huzuiwa, hivyo picha huonyesha mabaka meupe, mara nyingi sehemu za juu za pafu. Maradhi yakikomaa hula nyama ya pafu na kuacha mapango, nayo huonekana kama duara jeusi lenye ukingo mweupe.

Mwaka 1896, daktari Francis Williams wa hospitali ya jiji la Boston nchini Marekani alianza kuwatazama wagonjwa wa kifua kwa ubao unaong'aa. Aliona kwamba upande wenye ugonjwa hauangazi sawa na upande mzima, na kwamba kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hutembea kidogo zaidi upande huo mgonjwa anapovuta pumzi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Charles Bouchard aliripoti jijini Paris mambo yanayokaribiana na hayo. Jambo la maana lilikuwa kwamba mara nyingine jicho liliona ugonjwa kabla ya sikio kuusikia.

Mnamo 1936, Manuel de Abreu wa Rio de Janeiro alipata njia ya kuipiga picha taswira ya kwenye ubao kwa filamu ndogo, iliyogharimu fedha kidogo mno. Kuanzia hapo ikawezekana kuwapanga maelfu ya watu wasio na dalili yoyote, viwandani na mitaani, na kuwapiga picha mmoja baada ya mwingine. Magari yenye mitambo ya eksirei yakawa jambo la kawaida katika miji ya Ulaya na Amerika.

Hakutaka hati miliki

Yote hayo yaliwezekana upesi kwa sababu ya uamuzi mmoja wa Röntgen. Wenye viwanda walimwendea wakitaka kununua haki za ugunduzi wake. Angeweza kuchukua hati miliki, kila hospitali ikamlipa kwa kila mtambo. Alikataa. Kwa mtazamo wake, kinachopatikana katika maabara ya chuo kikuu ni mali ya wanadamu wote, na hakifai kufungwa kwa mkataba wa kampuni moja.

Msimamo huo ulikuwa na matokeo ya papo kwa papo. Bomba na vifaa vya umeme vilivyohitajika tayari vilikuwepo katika maabara nyingi za fizikia. Aliyesoma ripoti yake Januari aliweza kurudia jaribio lake Februari, bila kumwomba mtu ruhusa wala kulipa ada. Ndiyo maana daktari wa Boston aliweza kuanza kazi mwaka ule ule.

Röntgen alikataa mengine pia. Alipewa fursa ya kutumia cheo cha ukabaila mbele ya jina lake, akaiacha. Mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alikwenda Stockholm kuipokea lakini hakutoa mhadhara, na fedha zake, karibu kroni 150,000 za Uswidi, akaziachia Chuo Kikuu cha Würzburg ziendeleze utafiti.

Ukarimu huo haukukosa gharama kwa wengine. Mionzi iliyopatikana kila mahali ilitumiwa kila mahali, hata na watu wasiojua hatari yake. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison aliyekuwa akijaribia mitambo hiyo kwa mikono yake, aliungua, akakatwa mikono na kufariki mwaka 1904. Madaktari na mafundi wengine wengi walipatwa na maafa ya namna hiyo kabla ya kanuni za usalama kuwekwa. Röntgen mwenyewe alifanya sehemu kubwa ya majaribio yake nyuma ya kinga ya metali, na alichapisha ripoti tatu tu kuhusu mionzi hiyo kabla ya kugeukia masuala mengine ya fizikia.

Machweo ya Munich

Mwaka 1900 alihamia Chuo Kikuu cha Munich, alikokaa hadi mwisho wa kazi yake. Hakuwa malaika. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, jina lake lilikuwa miongoni mwa wasomi 93 wa Kijerumani waliotia saini tangazo la kuitetea nchi yao dhidi ya tuhuma za ukatili nchini Ubelgiji. Katika miaka iliyofuata, vita hivyo hivyo vilionyesha thamani ya ugunduzi wake upande wa pili wa mapambano, pale Marie Curie alipoandaa magari ya eksirei kuwahudumia majeruhi wa Ufaransa.

Bertha aliaga dunia mwaka 1919 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Röntgen alistaafu mwaka uliofuata. Ujerumani iliyoshindwa vita ikaingia katika mfumuko wa bei ambao haukuwahi kuonekana, na akiba yake ikayeyuka pamoja na akiba za mamilioni ya raia wenzake. Mtu ambaye angeweza kuishi kwa ada za hospitali za dunia nzima aliishi siku zake za mwisho kwa kubana matumizi.

Alifariki mjini Munich Februari 10, 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa Giessen, karibu na mkewe na wazazi wake. Kwa mujibu wa wosia wake, sehemu kubwa ya barua na karatasi zake za kisayansi ziliteketezwa.

Zawadi iliyochelewa njiani

Katika nchi tajiri, upigaji picha wa halaiki ulishamiri kwa miongo kadhaa. Baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana tangu miaka ya 1940, wagonjwa walipungua huko, na ikaonekana kuwa maelfu ya watu hupigwa picha ili apatikane mgonjwa mmoja. Mwaka 1974 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walishauri upigaji picha huo wa jumla uachwe.

Kwa Afrika Mashariki, ushauri huo ulikuwa na uzito wa pekee. Mitambo ilikuwa ghali, filamu zilikuwa ghali, umeme haukufika kila mahali, na madaktari wa kuzisoma picha walikuwa wachache. Darubini na makohozi vikawa msingi wa kazi. Programu iliyoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1977 kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo ilithibitisha kwamba nchi maskini inaweza kuwagundua wagonjwa kwa darubini na kuwaponya kwa maelfu. Mfano wake uliigwa na mataifa mengi.

Njia hiyo iliokoa maisha mengi. Ila ilikuwa na sharti moja: mgonjwa aanze kukohoa, aone kuwa kikohozi hakimwachi, kisha aje kituoni mwenyewe.

Sharti hilo lilipimwa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016, katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mitaani na vijijini. Uchunguzi wa namna hiyo haukuwa umefanywa nchini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu 63,050 wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliulizwa kuhusu dalili na kupigwa picha ya kifua. Waliotiliwa shaka, kwa dalili au kwa picha, walipimwa makohozi. Wagonjwa 305 walithibitishwa, sawa na watu wazima 558 kwa kila 100,000. Mijini kiwango kilikuwa 760, vijijini 453.

Takwimu zilizowashtua wataalamu zaidi ni nyingine. Kati ya wagonjwa hao, ni asilimia 48 tu waliokuwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, dalili ambayo wahudumu wa afya walikuwa wamefundishwa kuitafuta kwa miaka mingi. Lakini asilimia 88 walikuwa na picha ya kifua iliyoonyesha kasoro. Aidha, darubini iligundua asilimia 46 pekee ya wagonjwa, ilhali kipimo kipya cha kutambua chembe za urithi za kiini kiligundua karibu asilimia 78. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya wagonjwa wangepita mbele ya mhudumu anayeuliza tu kuhusu kikohozi, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao.

Picha peke yake haitoi hukumu. Baka jeupe laweza kuwa nimonia, saratani au kovu la ugonjwa uliokwisha kupona. Kazi ya picha ni kumwonyesha mhudumu nani wa kupimwa makohozi, na kipimo hicho ndicho kinachothibitisha. Lakini asiyeonwa hapimwi, na asiyepimwa hatibiwi.

Teknolojia imepunguza vizuizi kadhaa vya zamani. Filamu zimetoa nafasi kwa picha za kidijitali. Ipo mitambo midogo inayobebwa kwa mkono na kutumia betri, inayoweza kupelekwa hadi mtaani. Upungufu wa madaktari wa kusoma picha nao umepata jibu: mwaka 2021 WHO iliidhinisha matumizi ya programu za kompyuta kusoma picha za kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoanza kuzitumia.

Kizuizi kilichobaki ni mfuko wa mgonjwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini, lakini nauli, siku za kazi zilizopotea na vipimo vinavyolipiwa hulimbikizana. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya familia za wagonjwa wa kifua kikuu cha kawaida nchini Kenya zilitumia zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao ya mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo. Kwa waliokuwa na kifua kikuu sugu, familia zilizoelemewa hivyo zilifika asilimia 86.

Kutoka Ndia Kuu hadi Hospitali Kuu ya Pwani, iliyo kisiwani humo humo, si mwendo mrefu. Mchukuzi wa bandarini aishiye kwa kibarua cha siku hupima mwendo huo kwa njia nyingine: mshahara wa siku atakaoukosa, ada ya picha atakayoombwa, na ukweli kwamba bado hajisikii mgonjwa. Ni mtu huyo hasa, asiyekohoa wala kulalamika, ambaye uchunguzi wa Kenya ulionyesha kuwa ndiye anayekosekana katika madaftari ya kliniki. Anaporudi nyumbani jioni, hulala chumba kimoja na wanawe.

Röntgen hakumdai mtu huyo kitu. Ugunduzi wake ulilipiwa mwaka 1896, siku alipoikataa hati miliki. Bei ambayo bado inamsimamisha mgonjwa mlangoni imepangwa na waliokuja baadaye, na wao ndio wenye uwezo wa kuiondoa.